Nani Atalipia Kufikiri?

Taa ya injini ikiwaka, fundi huchomeka mashine chini ya usukani na kusoma msimbo (wengi huuita kodi, na kweli unauma kama ya nyumba). P0135: hitilafu kwenye saketi ya hita ya sensa ya oksijeni. Saketi, si lazima sensa yenyewe. Hapo ndipo pesa za watu hupotelea.

Sensa hiyo hukaa kwenye bomba la moshi, na haisomi vizuri kabla ya kufika takriban nyuzi 300. Hita ndogo ndani yake huiwahisha. Hita ikikosa umeme, kompyuta ya gari hupima petroli kwa kukisia muda mrefu zaidi gari likiwa baridi. Dereva huenda asihisi kitu. Moshi unavutwa na mtu aliye stejini.

Kuhakikisha si kazi kubwa. Chomoa plagi, pima ukinzani kati ya waya mbili za hita. Ukipata omu chache, hita huenda ni nzima. Sasa angalia kama umeme unafika kwenye plagi. Haufiki? Fuata waya hadi kwenye fyuzi, na kama imeungua, uulize ni kwa nini.

Jirani yangu, dereva wa teksi, aliuziwa sensa mpya kwa maelfu bila chochote kupimwa. Alilipa na kushukuru, maana alionyeshwa ile ya zamani. Taa ikarudi. Fundi wa pili akapima, akapata waya uliochubuka na fyuzi iliyoungua, akarekebisha, akaitisha soo tano. "Buda, soo tano ya fyuzi?" Akampa soo mbili.

Ukiuliza nani mwizi hapo, wengi watamtaja fundi wa kwanza. Mimi namuona jirani pia. Mimi mwenyewe hulipwa kwa idadi ya maneno. Siku mbili za kuhakiki sentensi ninayoishia kuifuta hazina malipo. Utasema fundi awe mwaminifu hata akilipwa vibaya. Sawa, lakini kumtaka mtu awe mwema kila siku kwa hasara yake, faida ikija kwangu, kunatofautianaje na kumwibia?

Jirani anasema fundi angetaja bei kabla ya kupima. Hapo ana pointi. Nikamuuliza kama angekubali kutoa soo tano ili aambiwe tu shida iko wapi. Akageukia simu yake.