Mbwa Mkali Asiyeshikika

Katika miji ya Afrika Mashariki, kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, kitoto cha mbwa huletwa nyumbani hasa kwa ajili ya ulinzi, na kwa hiyo kabla hajapata hata jina huwa amekwisha kuandaliwa kazi, banda na kibao cha getini kinachowaonya wapita njia kwamba ndani kuna mbwa mkali. Kibao hicho huandamana na mashauri ya majirani, ambayo hayabadiliki miaka nenda miaka rudi: asizoeshwe wageni, afungiwe bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku tu, atiliwe pilipili kwenye chakula au apewe nyama mbichi ili damu imchemke. Mashauri hayo hutolewa kwa nia njema na kwa uhakika mkubwa, na karibu yote ni mabaya.

Ubaya wake unaanzia kwenye muda. Wataalamu wa tabia za wanyama hutaja kipindi cha mazoea, yaani majuma machache ya utotoni ambamo ubongo wa mbwa hupanga vitu katika makundi mawili, vya kawaida na vya kuogopwa, na ambayo huanza karibu na juma la 3 na kufifia kati ya juma la 12 na la 14. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Bar Harbor, katika jimbo la Maine, ambako vitoto vya mbwa vililelewa ndani ya uzio bila kuguswa na watu, vikawa vinatolewa kwa umri tofauti ili vikae na binadamu kwa muda. Waliobaki bila mazoea hayo hadi juma la 14 waliendelea kuwaogopa watu hata walipotendewa kwa upole. Mwenye nyumba anayemfungia kitoto bandani tangu siku ya kwanza, akisubiri akue ndipo amfundishe, anarudia jaribio hilo bila kujua, na matokeo atakayoyapata ni yaleyale.

Kuna ugumu wa kweli hapa ambao si haki kuupita kimya. Kinga ambayo kitoto huipata katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, hupungua katika majuma hayohayo, na ndiyo sababu madaktari wa mifugo huanza chanjo za parvo na distempa kati ya juma la 6 na la 8, kisha huzirudia kila baada ya majuma 2 hadi 4 mpaka kitoto afikishe majuma 16. Parvo, ugonjwa wa virusi uliojitokeza duniani mwishoni mwa miaka ya 1970, huleta kutapika na kuhara damu na unaweza kumuua kitoto katika siku chache, na virusi vyake hudumu ardhini kwa muda mrefu. Dirisha la mazoea hufungwa, basi, kabla chanjo hazijakamilika. Njia ya kutoka ni kumbeba: kitoto anayepakatwa mlangoni jioni, akasikia bodaboda, adhana, honi na kelele za watoto watokao shule, akashikwa masikio na miguu na wageni wanaoingia, anajifunza dunia ilivyo bila kuikanyaga ardhi waliyopita mbwa wa mtaani. Dawa ya minyoo na chakula cha mara tatu au nne kwa siku ni mambo yasiyohitaji mjadala, ila mabaki ya mchuzi wenye vitunguu asipewe kabisa, kwa kuwa vitunguu, hata vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Mafunzo yenyewe hayahitaji uwanja wala mtaalamu wa kulipwa. Yanasimama juu ya kile ambacho wanasaikolojia hukiita uimarishaji, maana yake ni kwamba tendo linalofuatiwa na jambo jema hurudiwa na lisilo na faida hufifia, na sharti lake kubwa ni haraka, kwa sababu kitoto hawezi kuiunganisha zawadi ya sasa na alichokifanya dakika tano zilizopita. Dagaa mmoja mkavu aliyevunjwa vipande hutosha kwa somo zima la kuja anapoitwa: mtu huchuchumaa, hutaja jina mara moja, na kipande kinamfikia kitoto mdomoni papo hapo anapokanyaga mbele ya magoti. Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini kumsugua pua kwenye mkojo alioumwaga saa nzima iliyopita hakumfundishi kitu, isipokuwa kwamba mikono ya mwenye nyumba ni ya kuogopwa. Kinachomfundisha ni kumtoa nje kila aamkapo, kila amalizapo kula na kila amalizapo kucheza, kumsubiri akojoe, ndipo asifiwe.

Kung'ata ndiko kunakowashinda wengi. Meno 28 ya utotoni huanza kung'oka karibu na mwezi wa 4 ili kuyapisha meno 42 ya ukubwani, na katika miezi hiyo fizi humsumbua kitoto hata akatafuna ndala, mguu wa kiti na pindo la kanga lipitalo mbele yake. Mtoto wa nyumbani aliyevutwa pindo hupiga kelele na kukimbia, kitoto humfuata mbio akidhani mchezo ndio kwanza umenoga, kisha mtu mzima hutokea na ile ndala iliyotafunwa na kuumaliza mchezo kwa kipigo ambacho mbwa hajui kimeletwa na nini. Anayestahili kufundishwa kwanza ni mtoto: asimame, akunje mikono, anyamaze, mchezo ukatike pale meno yanapogusa ngozi, halafu mbwa apewe kamba nene yenye fundo aitafune. Wasemao samaki mkunje angali mbichi wamepatia kuhusu umri, lakini methali hiyo haikutaja fimbo.

Mpinzani atauliza, na swali lake lina uzito, kwamba mbwa aliyeshikwashikwa na kila mgeni atamzuia vipi mwizi. Jibu ni kwamba kumbwekea mgeni ni tabia ambayo mbwa wengi huianza wenyewe wanapokaribia kupevuka, bila kufundishwa na mtu, ilhali kutofautisha ndiko kunakohitaji mazoea. Mbwa asiyewahi kuona watu hubweka kwa muuza mboga, kwa msoma mita ya maji, kwa shangazi aliyekuja kusalimia na kwa paka aliye ukutani, usiku na mchana, mpaka wenye nyumba wanazoea na hawaamki tena kutazama. Mlinzi wa namna hiyo amejistaafisha mwenyewe.

Katika Pwani swali huja kwa sura nyingine. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea huko, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba, wanazuoni wengi wakalinganisha na ulinzi wa nyumba, na Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, inawataja wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Dini, kwa hiyo, haikuzuia mafunzo. Chombo cha mbwa kikitengwa, na kipande cha dagaa kikiwekwa chini badala ya kulishwa kwa mkono, somo halipungui kitu.

Hoja nzito kuliko zote, hata hivyo, ni ya kichaa cha mbwa, ugonjwa unaokadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Ili ugonjwa ukatike, inapasa angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe, na hapo ndipo malezi ya bandani yanapodai gharama yake: mbwa asiyekubali mkanda shingoni hafikishwi kwenye kituo cha chanjo, na akifikishwa hashikiki, hivyo yule aliyelelewa ili aogopwe ndiye anayebaki bila kinga, ndani ya ua uleule wanamochezea watoto.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, na mara nyingi vitoto huachwa nyumbani siku za kampeni kwa kudhaniwa kwamba ni wadogo mno, ingawa Shirika la Afya Duniani linahimiza wachanjwe hata walio chini ya miezi 3. Mwenye kitoto cha mbwa na amvishe mkanda juma hili, kwa dakika chache kila siku na dagaa mkononi, kisha ampeleke kwa daktari wa mifugo wa kata yake bila kungoja kampeni.