Mwaka Huu Vuka Mpaka

Tangu siku mwalimu wa jiografia alipotundika ramani ya Afrika ubaoni, Watanzania wengi wamekuwa na hamu ya kuuona Mto Zambezi kwa macho yao. Leo wana kazi, wana watoto shuleni, na hamu haijawatoka. Waulize mbona hawajaenda, watakujibu hela. Lakini wadadisi kidogo: wengi hawajawahi kuulizia nauli ya basi. Safari waliyoibeba kichwani ni ya ndege, hoteli na viza ya Ulaya, na kwa bei hiyo wameiahirisha mwaka baada ya mwaka.

Ndugu msomaji, ishushe safari hiyo kutoka angani uiweke barabarani. Ukiwa Dar es Salaam, Morogoro au Mbeya, unaweza kukanyaga nchi tatu za kigeni bila kupanda ndege na bila kuomba viza. Kwa matembezi ya muda mfupi, Mtanzania anaingia Zambia, Zimbabwe na Botswana kwa pasipoti yake tu. Haki hiyo unayo tayari, na kila mwaka unaopita bila kuitumia ni hasara yako.

Itazame njia yenyewe. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupitia Rhodesia ya walowezi, Zimbabwe ya leo. Kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860. Inakatiza Hifadhi ya Nyerere, inapita Ifakara na Mlimba, kisha inapanda milima kwa mahandaki na madaraja hadi Makambako na Mbeya. Huduma ya treni ya abiria hubadilika, hivyo ulizia stesheni kabla hujafunga begi. Isipokuwepo, mabasi ya Lusaka yapo, nayo yanakufikisha mpakani Tunduma vilevile.

Tunduma ndipo moyo unapodunda. Foleni inasogea, unafika dirishani. Afisa anapekua pasipoti, anauliza unakwenda wapi na utakaa siku ngapi, unamwonesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na mhuri unagongwa kwenye ukurasa uliokuwa mweupe tangu uichukue pasipoti. Basi, umetoka nje ya nchi. Saa nane mchana ya Tunduma ni saa saba Nakonde, upande wa Zambia, shilingi imekuwa kwacha, na sahani ya ugali inaitwa nshima. Kiswahili bado unakisikia pande zote mbili. Vuka mchana, badilisha fedha benki au kwenye duka rasmi, uzihesabu hapohapo.

Safari za mbali wazee wetu walizifanya kabla yetu. Mwaka 1873 mmisionari na mpelelezi David Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Abdallah Susi, James Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miaka mingi baadaye, mwaka 1896, Salim bin Abakari alifuatana na Mjerumani hadi Urusi na Siberia, na aliyoyaona huko akayaandika kwa Kiswahili. Hao walikuwa watumishi, hakuna aliyewaandalia godoro wala njia nyepesi. Sisi tuna lami, simu na pasipoti, na bado tunaambiana kwamba kusafiri kwa ajili ya matembezi ni mambo ya Wazungu. Kauli hiyo inaniuma kila ninapoisikia, kwa sababu inamfungia mtu ndani ya nyumba ambayo mlango wake uko wazi.

Kutoka Lusaka hadi mji wa Livingstone ni kilomita zipatazo 480. Kama unaweza kuchagua mwezi, chagua Aprili, Mto Zambezi ukiwa umejaa. Maporomoko ya Victoria, ambayo wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, yana upana wa mita 1,708, na maji yanadondoka zaidi ya mita 100. Ngurumo utaisikia kabla hujayaona. Manyunyu yanapanda juu yanarudi kukulowesha mpaka shati linagandamana na mgongo, na simu usipoifunga kwenye mfuko wa nailoni utaipoteza. Hakuna picha inayokuandaa kwa mshindo ule. Karibu na hapo kuna daraja lililofunguliwa mwaka 1905. Unalivuka kwa miguu, mto ukiwa mbali chini yako, na upande wa pili ni Zimbabwe.

Rudi Livingstone, kisha shika njia ya Kazungula. Zamani watu na malori walivushwa huko kwa pantoni. Tangu Mei 2021 kuna daraja la mita 923, na ng'ambo yake ni Botswana. Mji wa Kasane uko jirani, ukingoni mwa Mto Chobe, na jioni tembo wanateremka kwa makundi kunywa maji. Ukiinua macho, nchi unayoiona upande wa pili wa mto ni Namibia.

Sasa tuzungumze fedha. Ada ya pasipoti ni shilingi 150,000, yaani shilingi 5,000 kwa siku kwa mwezi mmoja. Nauli na malazi yakusanye kwa mtindo huohuo, kwenye kibubu, kwenye kikoba, au kwenye simu kwa akaunti usiyoigusa. Mtafute mwenzako mmoja wa kweli mgawane chumba. Na watakapokuuliza nyumbani, "Huko unakwenda kwa nani?", waambie bila aibu kwamba unakwenda kuiona dunia. Hiyo ni sababu tosha kwa mtu anayefanya kazi kwa jasho lake.

Jumatatu ijayo anza kujaza fomu ya pasipoti. Kama unayo, hakikisha imebakiza angalau miezi sita. Kachome chanjo ya homa ya manjano siku kumi au zaidi kabla ya kuondoka. Kisha andika tarehe, umwambie mtu mmoja atakayekukumbusha, na ulizia nauli ya Tunduma leo hii.