Je, Aliyekariri Amesoma?

Mwanafunzi mwenye ulemavu wa kujifunza, tuseme mwenye disleksia, yaani ugumu wa kuoanisha herufi na sauti zake usiotokana na upungufu wa akili, anaposoma sehemu yake katika igizo baada ya kuirudia mara nyingi, huzuka swali ambalo mara nyingi hujibiwa kwa haraka mno: je, amesoma au amekariri tu? Swali hilo ni la kifalsafa kabla halijawa la ufundishaji, kwa sababu linadai kwanza ijulikane kusoma ni nini.

Wanaoshuku mazoezi hayo hudhani kwamba usomaji wa kweli ni ule wa mara ya kwanza, wa mtu peke yake, kimyakimya. Dhana hiyo si ya kale wala si ya watu wote. Mtakatifu Augustino, akiandika mwishoni mwa karne ya 4, aliona ni jambo la kuelezwa kwamba Askofu Ambrosi wa Milano alisoma kwa macho bila kutoa sauti. Na katika vyuo vya Kurani vya pwani ya Afrika Mashariki mtoto husoma kwa kuitamka aya mbele ya mwalimu, akasahihishwa, akairudia. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim humwahidi thawabu mbili yule aisomaye Kurani kwa kutatizika na kwa taabu, kwa hiyo kukwama kwake si aibu ya kufichwa bali ni sehemu ya ibada yenyewe.

Faida ya marudio imechunguzwa pia na wanasayansi. Nchini Marekani, watafiti wa usomaji David LaBerge na S. Jay Samuels walieleza mwaka 1974 kwamba uangalifu wa akili una mpaka: ukiishia katika kutambua maneno, haubaki wa kuelewa maana. Mwaka 1979 Samuels alieleza mbinu ya kurudia kifungu kifupi, cha maneno 50 hadi 200, mpaka kisomeke kwa ufasaha, yaani kwa usahihi na kwa mwendo usiokwamakwama. Jambo zito zaidi ni kwamba wanafunzi walioitumia mbinu hiyo walipopewa kifungu kipya walianza kwa kasi kubwa kuliko walivyoanza kile kilichotangulia, na wakahitaji marudio machache zaidi, jambo ambalo kukariri peke yake hakuwezi kulieleza.

Igizo la kusomwa, ambamo wahusika hushika hati mkononi na kuiachia sauti ibebe hisia zote, huyapa marudio hayo sababu, kwa kuwa mtoto hairudii sentensi ili apimwe kwa saa, huirudia kwa kuwa wenzake wanaingojea ili nao wajibu. Kiimbo na kituo anavyochagua ni ufasiri, na hakuna afasiriye asichokielewa. Mwalimu ampaye mtoto huyo mstari mmoja mfupi kwa kumhurumia humnyima kile hasa anachokihitaji, yaani maneno ya kutosha ya kurudia na watu wanaoyangoja.