Mvua Moja Kabla ya Mchoro

Kisa hiki ni cha kutunga, lakini hakuna kosa ndani yake ambalo halijafanywa na mtu mahali fulani.

Bwana mmoja wa Nairobi alinunua ekari nane nje kidogo ya Tala, Machakos, upande ambao asubuhi kukiwa hakuna ukungu unauona mlima Kilimambogo wote. Alitaka kujenga kituo cha mapumziko na siha: vyumba kumi vya wageni, ukumbi wa yoga, chumba cha mvuke, bwawa la kuogelea, na barabarani bango la "Rudi kwa Asili". Katikati ya shamba lilipita korongo la mchanga mweupe lenye migunga kingoni. Msanifu majengo aliletwa Agosti, kiangazi kimekolea. Akavua viatu, akatembea mchangani, akatoa shauri kwamba vyumba vipangwe papo hapo ukingoni, ili mgeni akiamka ashuke ngazi tatu tu akanyage mchanga.

Bibi mmoja jirani, ambaye huteka maji katika kisima kifupi kilichofukuliwa mchangani humo, aliwakuta mafundi wakipigilia vigingi.

"Mwanangu," alimwambia mwenye shamba, "hapo ni njia ya mto."

"Susu, mto gani? Si huu umekauka?"

"Umelala. Njoo Novemba uuone."

Yule bwana akacheka kwa adabu, akampa shilingi mia mbili za sukari.

Ujenzi ukaanza. Mchanga wa zege haukununuliwa mbali. Ulichotwa mle mle korongoni, lori baada ya lori. Hapo ndipo hasara ya kwanza ilipoingia, na haikumwingia yeye. Mchanga wa mto wa msimu ni ghala la maji. Mvua ikiisha, maji hubaki yamejificha kati ya chembe, chini ambako jua haliyafikii, na watu huyafukua miezi kadhaa baadaye. Ndiyo maana vikundi vingi vya Ukambani hujenga kuta za mawe na saruji kukatiza mito ya aina hii, mchanga ujazane nyuma ya ukuta na maji yakae humo. Bwana wetu alifanya kinyume. Kisima cha Susu kilikauka kabla nyumba hazijafika kwenye linta.

Matofali yalikuwa ya kuchoma, yenye wekundu wa kupendeza, na kuni za tanuru zilikuwa migunga ile ile iliyoshikilia ukingo. Makuti ya kuezekea yalitoka Pwani kwa lori, safari ya mamia ya kilomita. Mtu hawezi kukana kwamba makuti ni kitu cha asili, ila ni asili ya Kilifi, ambako minazi iko uani. Tala shida ya watu ni maji, na makuti hayakingi maji ya kunywa. Paa la mabati la mita 200 za mraba, mahali panaponyesha milimita 700 kwa mwaka, hupokea lita 140,000 kabla ya kutoa yanayopotea njiani. Kwenye makuti, maji kama hayo yote yalidondoka chini yakaenda zake, huku mwenye mali akilipia kisima kirefu kilichotoa maji ya chumvi, jambo lisilo geni Ukambani. Nyasi za bustani zilipomwagiliwa maji hayo zikageuka manjano.

Halafu vioo. Kila chumba kilipewa ukuta wa kioo kuanzia sakafuni hadi darini, ukitazama magharibi, kwa ajili ya machweo. Kufikia saa kumi alasiri chumba kilikuwa hakikaliki. Wageni wa kwanza waliomba feni, wa pili wakadai viyoyozi, na umeme ulipokatika jenereta ikanguruma nyuma ya ukumbi wa yoga, wageni wakiwa wamefumba macho wakitafuta utulivu.

Novemba ikafika. Siku mto ulipoamka, pale shambani hakukuwa na mvua. Palikuwa na mawingu tu. Ilikuwa imenyesha juu, upande wa vilima vya Kangundo. Mlinzi alisikia mvumo kabla ya kuona maji. Korongo lililochotwa mchanga lilikuwa limezama kuliko zamani, na ukingo usio na mizizi ukameguka vipande vipande. Vyumba viwili vikaenda. Havikuwa na mtu, kwa kuwa ilikuwa katikati ya wiki.

Anayedhani ninatia chumvi na akumbuke tarehe 1 Mei 2024, Mto Talek ulipovunja kingo zake usiku huko Maasai Mara. Kambi za watalii zilifurika, na Shirika la Msalaba Mwekundu likaokoa watu kwa helikopta na kwa nchi kavu. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikwisha kutenga ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto usiguswe kwa ujenzi, ukipimwa kuanzia pale ambapo mafuriko makubwa kuliko yote yamewahi kufika. Kipimo hicho huwezi kukiona Agosti. Hukaa katika kumbukumbu za jirani mzee.

Tena shule ya ujenzi ilikuwa mbele ya macho. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika kwamba ardhi ya Machakos inakufa kwa mmomonyoko. Wenyeji, wakifanya kazi kwa mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana, walichimba mitaro kufuata mkao wa mlima na kurusha udongo upande wa juu ukawa matuta, ndiyo mitaro inayoitwa fanya juu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka hiyo ya 1930, huku mmomonyoko ukipungua. Msanifu aliyatazama matuta hayo njia nzima kutoka Nairobi na kuyaona kama mandhari tu.

Si kila msanifu yuko hivyo. Francis Kéré alipojenga kampasi ya Startup Lions kule Turkana, iliyokamilika mwaka 2021, alijifunza kwa vichuguu vya mchwa wa huko huko: minara mirefu inayotoa hewa ya moto juu, madirisha ya chini yakivuta ya baridi. Tala nako kuna majibu yake. Jengo lipande juu ya mteremko na kulala kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, ili jua la jioni lipige ubavu mfupi. Varanda iwe pana. Matofali yawe ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine na saruji kidogo, yasiyohitaji kuni. Paa liwe na mabati, gata na tenki. Mchanga uachwe mtoni.

Funzo la kisa hiki ni hili: maji hufuata mkondo, na hayasomi bango. Ukinunua shamba Ukambani, usimlipe msanifu bado. Subiri mvua moja ipite, ukae na jirani muitazame pamoja, kisha umwite msanifu na umwonyeshe maji yalipofika.