Vilango Vidogo vya Damu



Katika fundisho la kuumbwa kwa mtu twasema kwamba mwili ni kazi ya Mungu, nasi tumepewa kuutunza. Leo tutazame sehemu moja tu ya kazi hiyo, maana inahusu uhai wa watoto wetu.

Teremsha mkono hata mshipa utokeze nyuma ya kiganja. Ubonyeze kwa kidole kimoja, karibu na vidole. Kwa kidole cha pili sukuma damu kwenda juu, kisha ukiondoe hicho cha pili. Mshipa hubaki mtupu, damu iliyopita hairudi. Ukiondoa na kile cha kwanza, hujaa mara, kutoka chini. Mganga Harvey wa Uingereza alieleza majaribio ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1628.

Ndani ya mshipa mna vilango, viitwavyo vali. Havisukumi kitu: hufunguka damu ipitapo, hujifunga itakapo kurudi. Mama apandapo Kabasha, mzigo mgongoni na kamba kipajini, nyama za miguu hukaza na kusukuma damu kuelekea moyoni. Vali huizuia isishuke tena. Limfu nayo, yale maji ya mwili yasiyo na moyo wa kuyasukuma, hupitia vilango kama hivyo mpaka karibu na shingo, ikaingia katika damu.

Moyo wenyewe una vali nne, na hapo ndipo penye hatari. Mtoto huumwa koo. Twasema ni baridi ya milimani, itapita. Mara nyingi hupita kweli. Lakini koo jingine lina vijidudu ambavyo, visipotibiwa, baada ya majuma mawili au matatu huweza kuleta homa na maumivu ya viungo. Na mwili, ukipigana navyo, hujeruhi vali za moyo. Mlango wenye kovu haufungi sawasawa. Damu hurudi nyuma, mtoto huhema kwa kilima kidogo, miguu huvimba. Si uchawi, wala jirani hakumtupia kitu.

Basi mpelekeni kwa muuguzi koo lingali linauma. Na kumwombea? Ndiyo, njiani. Akipewa penisilini, aimalize yote, hata akipona siku ya tatu. Aliyekwisha kupata homa ile ya viungo huchomwa sindano kila majuma matatu au manne, kwa miaka mingi. Mzazi asiiache kwa kuwa tu amemwona mtoto akicheza mpira.