Cheti Halali, Ujuzi wa Kudesa



Vijana wenzangu, swali la leo limetoka kwa kijana mmoja wa kwaya huku kwetu Sumbawanga, na naona si lake peke yake. Amemaliza kidato cha sita, matokeo ya kawaida tu, na hela ya chuo kikuu haipo. Kompyuta anaipenda kwelikweli. Ameamua asomee mitandao, yaani kazi ya kuunganisha kompyuta, rauta na swichi mpaka zikaelewana, na anaulenga mtihani wa CCNA wa kampuni ya Cisco ya Marekani. Kisha akaniuliza: "Frateri, kuna jamaa anauza maswali yenyewe ya mtihani, na majibu yake. Nikinunua nikafaulu, ni dhambi au ni ujanja wa mjini tu?"

Nianze na lile jepesi. Wapo wanaodhani kuchagua fani kwa sababu inalipa ni kumpa Mungu kisogo. Hapana. Kutaka kula kwa jasho lako si dhambi, na mzazi anayelima mahindi na ulezi ili usome hajakutuma ukatafute umaskini. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alijifunza kompyuta tangu utotoni. Ila nina neno dogo hapa: tunamsifu Carlo kwa tovuti yake ya miujiza ya Ekaristi, kana kwamba kompyuta inatakata pale tu inapoonyesha mambo ya kanisani. Mtu anayevuta kebo vizuri ofisini kwa watu naye anafanya kazi njema mbele ya Mungu, hata kama hakuna picha ya monstransi popote.

Sasa tuje kwenye lile zito, na tuanze na bei, maana wanaohubiri juu ya kudesa bila kutaja bei hunichosha kidogo. Mtihani wa CCNA ni kama dola 300 za Marekani, zaidi ya shilingi laki 7. Tangu Februari 2020 ni mtihani mmoja wa dakika 120; ukifeli, unalipa tena upya. Kwa familia ya Ufipa hayo ni magunia ya mahindi zaidi ya kumi, na msimu wa bei mbaya ni mengi kuliko hapo. Kijana anaingia kwenye chumba cha mtihani akiwa amebeba shamba la baba yake mgongoni. Anayeuza majibu anaijua hofu hiyo, na ndiyo hasa anayoifanyia biashara.

Lakini ni kosa gani? Wengine watasema ni kuvunja masharti ya kampuni. Kweli, kila mtahiniwa hukubali masharti ya kutotoa wala kutumia maswali yaliyovuja, na Cisco inaweza kukufutia cheti. Ila kijana wangu akajibu kwamba kampuni ile ni tajiri, imeumia wapi? Swali zuri. Kama dhambi ingekuwa ya kuikosea Cisco tu, hata mimi ningepata shida kumwonyesha ukubwa wake.

Tukumbuke Aprili 2017. Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Nchi nzima tulibishana. Wapo waliosema, huyu amefanya kazi miaka 20 na kazi anaiweza, mnamfukuza kwa karatasi? Huyo alikuwa na ujuzi, ila cheti chake cha uongo. Mwenye kudesa CCNA ni kinyume chake: cheti chake ni cha kweli, muhuri ni wa kweli, jina ni lake, ukikihakiki kinakubali. Kilicho feki ni yeye. Kwa maoni yangu huyu wa pili ni hatari zaidi, kwa sababu hakuna uhakiki wa karatasi utakaomkamata.

Mababu zetu Wafipa walifua chuma. Walijenga ilungu, tanuru la udongo refu kupita kimo cha mtu, wakayeyusha mawe ya chuma, kisha wakakisafisha chuma katika tanuru dogo na kupata majembe. Mhunzi yule hakuwa na cheti. Jembe lilikuwa shahidi wake: ukilima likipinda, unajua, na unajua pa kumpata aliyelifua. Kazi ya mtandao haiko hivyo. Anayekuajiri haoni umefanya nini ndani ya rauta. Hajui kama anwani umezigawa sawasawa wala kama mlango wa wezi umeufunga. Hakujui wewe wala kijiji chako. Kwa hiyo anaomba ushahidi wa mtu mwingine, na ushahidi huo ndio cheti. Ukikitoa mezani unasema: "Haya ninayaweza." Kama huyawezi, umeshuhudia uongo, na hiyo ni Amri ya Nane. Ukianza kupokea mshahara kwa ujuzi usio nao, na ya Saba imeshaingia.

Mtakatifu Thoma wa Akwino ana jambo linalonisaidia. Anasema fundi, kwa ufundi wake, hasifiwi kwa nia aliyo nayo bali kwa ubora wa kazi aliyoifanya. Halafu anaongeza kwamba ili fundi autumie ufundi vizuri anahitaji fadhila ya haki, inayomwelekeza kufanya kazi ya uaminifu. Yaani moyo mzuri haufanyi mtandao ufanye kazi. Unaweza kusali rozari nzima, swichi ikabaki imezima. Uje uone hospitali ambayo malipo, vipimo na dawa vyote vinapita kwenye mfumo, mtandao umekatika, foleni imefika nje, na aliyeajiriwa kwa cheti anazima na kuwasha tu, maana kile alichokikariri hakikuwa na tatizo la namna hii. Yule mama mwenye mtoto wa homa ndiye aliyekosewa, wala si tajiri wa Marekani.

"Lakini Frateri, wenzangu wote wanadesa, mimi nitaachwa." Inawezekana ukaachwa kidogo, sikudanganyi. Ila kozi na mtihani ni vitu viwili. Kusoma hakuna gharama ya mtihani: programu ya Packet Tracer ni ya bure, unajenga mtandao mzima ndani ya kompyuta moja ya kuazima, unauharibu na kuutengeneza tena usiku bando likiwa rahisi. Usilipie mtihani mpaka uweze kugawa anwani bila kuangalia popote. Kama ni mwaka, basi ni mwaka. Wazee nao waelezwe mapema kwamba kufeli mara ya kwanza kunawezekana, ili wasiuze ng'ombe wa mwisho kwa kudhani ajira iko getini.

Na wewe uliyekwisha kufaulu kwa kudesa, labda tayari uko kazini? Nenda kitubio, ila ujue padre atakuondolea dhambi, hatakufundisha rauta. Kuna malipizi yanayobaki. Cheti cha CCNA hudumu miaka 3 tu, kisha lazima ukihuishe. Muda uliobaki utumie kujifunza, kwa saa zako na si za mwajiri, kila kitu ambacho karatasi ilishasema unakijua. Ukipewa kazi usiyoiweza, hasa inayogusa hospitali au fedha za watu, sema wazi kwamba hii huiwezi na uombe mtu wa kukuelekeza. Utaona aibu, na bosi anaweza kukuuliza hicho cheti ulikipataje. Akiuliza, mjibu ukweli.