Kudai Uthibitisho si Kukana Deni

Mtu aliyeacha kulipa kadi yake ya mkopo nchini Marekani anaweza, miaka kadhaa baadaye, kupata barua ya kampuni asiyoijua, ikimtaka alipe deni la benki anayoikumbuka vizuri. Sheria ya mwaka 1977 ya ukusanyaji wa madeni inampa siku 30 za kulipinga kwa maandishi. Akifanya hivyo, mkusanyaji hana budi kusimamisha madai mpaka apate uthibitisho na kumtumia. Kwa mwanasheria, jambo limekwisha. Kwa muumini ndipo linapoanza: ikiwa anajua moyoni kwamba fedha alizitumia, kwa nini aombe ushahidi? Dawa ya deni ni kulipa, twasema, na wengi huona kuuliza zaidi ya hapo ni ujanja wa kukwepa.

Rai yangu ni kwamba kuuliza ni sehemu ya kulipa. Aliyetumia kadi anajua kuwa anadaiwa. Hajui kwa hilo kuwa anadaiwa na huyu, wala kiasi hiki. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu ununuzi wa madeni, baada ya kupitia mafungu zaidi ya 5,000. Wanunuzi walikuwa wamelipa wastani wa senti nne kwa kila dola ya deni, na walichokabidhiwa kwa kawaida ni orodha ya kompyuta yenye majina na kiasi. Hati za akaunti zilikuwa chache, na mikataba mingi ya mauzo ilisema wazi kuwa muuzaji hatoi dhamana ya usahihi wa kumbukumbu zake. Deni la namna hiyo huweza kuuzwa tena, na tena. Anayelipa kwa kuona haya tu huenda akamtajirisha asiye na haki, huku mwenye haki angali anamdai. Fedha imetoka, dhima imebaki.

Dini zenyewe hazikuliachia deni kumbukumbu ya moyo. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu deni: inaamuru liandikwe, dogo kwa kubwa, pamoja na muda wake, na mashahidi wawepo. Na anayemtamkia mwandishi maneno ya kuandika ni mdaiwa, si mdai. Hili halitiliwi maanani inavyostahili: hati inapata nguvu kwa kuwa ni kauli ya yule inayemfunga. Orodha iliyotungwa na muuzaji akamkabidhi mnunuzi imeugeuza utaratibu huo juu chini. Katika Biblia, Yeremia alinunua shamba la binamu yake, mji ukiwa umezingirwa, tena kwa agizo la Mungu. Hata hivyo hati ilitiwa muhuri mbele ya mashahidi, ikahifadhiwa katika chombo cha udongo. Undugu na unabii havikuondoa haja ya karatasi.

Pingamizi zito ni la nia. Wapo wanaoandika barua hizi wakiomba hati ziwe zimepotea, na sheria haina macho ya kuyaona hayo. Sitawatetea. Mtume Muhammad alikataa kumswalia maiti aliyeacha deni mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa. Deni lisilo na karatasi bado ni deni. Lakini kusema "sidaiwi" na kusema "nionyeshe" ni mambo mawili, na sheria ya 1977 inaacha nafasi kati yake: mtu anaweza kupinga sehemu tu ya deni, au kuomba jina la mdai wa kwanza bila kupinga chochote. Asiandike zaidi ya anachokitilia shaka. (Hoja kwamba kampuni ilinunua kwa senti nne, basi ilipwe senti nne, haina uzito, bei hiyo ni yao na muuzaji. Riba iliyorundikana ni mjadala mwingine, na kwa Mwislamu ni mzito zaidi.)

Wala mdai haonewi. Mwaka 1999 mahakama moja ya rufaa ya Marekani iliamua kuwa yatosha mkusanyaji athibitishe kwa maandishi kwamba kiasi anachotaka ndicho mdai anachodai. Hayo ni madai yanayojishuhudia yenyewe, na muumini anayetaka kuona taarifa za akaunti na hati za mauzo ana haki ya kuomba zaidi. Kampuni ikinyamaza, hajafutiwa kitu. Inambidi arudi kwenye benki aliyokopa na kuuliza mwenye haki sasa ni nani; asipopatikana kabisa, wanazuoni wengi wa Kiislamu huelekeza mali ya namna hiyo itolewe sadaka kwa niaba ya mwenyewe, naye akitokea baadaye asiridhike, alipwe.